Barua Taka: Wachujaji Wawili, Mwenye Barua Mmoja

Barua isiyotakiwa si jambo jipya katika mawasiliano ya kompyuta. Mwezi wa Mei, 1978, Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, alipeleka tangazo moja la biashara kwa watu wapatao 400 waliokuwa katika mtandao wa ARPANET. Wengi walikasirika. Lakini njia ilikwisha kufunguliwa, na wauzaji wa dawa za uongo, waahidi wa urithi wa marehemu wasiojulikana na wezi wa nywila wameifuata njia hiyo hiyo bila haya. Leo ni shida kumpata mwenye anwani ya barua pepe asiyeujua udhia huo.

Dhidi ya udhia huo zimewekwa kinga mbili. Ya kwanza iko kwa mtoa huduma, yaani kwenye seva inayopokea barua kwa niaba yetu. Ya pili imo katika programu tunayoitumia kusomea barua, kama vile Thunderbird au Outlook. Watu wengi hudhani kwamba kinga hizi ni kitu kimoja. Wengine wanajua kuwa ni mbili, na hufurahi wakisema kwamba mbili ni bora kuliko moja. Dhana zote mbili zina hatari, na anayeumia si mtuma taka, bali ni mwananchi aliyekuwa akingojea barua ya wito wa usaili, majibu ya chuo au hati ya malipo, nayo haikuonekana.

Yafaa kwanza tuelewe kila kinga inafanya kazi gani. Mtoa huduma anasimama langoni. Yeye huona jambo ambalo mtu mmoja mmoja hawezi kuliona: kwamba barua ile ile imepelekwa kwa maelfu ya watu kwa dakika chache, na kwamba kompyuta iliyoipeleka imekwisha kuandikwa katika orodha za wakosaji, kama zile zinazotunzwa na shirika la Spamhaus lililoanzishwa mwaka 1998. Aidha, yeye hupima kama mtumaji ndiye kweli anayejidai kuwa, kwa kutumia taratibu za SPF, DKIM na DMARC. Zaidi ya hayo, anao uwezo wa kuikataa barua kabla haijaingia, na katika kuikataa kwa uwazi hujulisha upande uliotuma kwamba barua haikupokewa.

Kichujio kilichomo katika programu hakina uwezo huo. Barua inapokifikia imekwisha kupokewa, na mtumaji ameondoka akiamini kuwa imefika. Kinachoweza kufanya ni kuitia alama au kuihamisha tu. Lakini kinacho kitu ambacho mtoa huduma hana kwa ukamilifu, nacho ni kumjua mwenye barua. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza katika makala yake namna ya kutumia kanuni ya Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza wa karne ya 18, ili kompyuta ihesabu maneno ya barua nzuri na maneno ya barua taka za mtu fulani, kisha ikadirie barua mpya iko upande gani. Fikra hiyo iliingia katika programu za Mozilla, na ndiyo inayotumika katika Thunderbird hata sasa.

Hapa wasemaji wa Kiswahili tuna jambo letu la kulizingatia. Kichujio cha namna hiyo huanza kikiwa mtupu; hakijui lugha yoyote mpaka kifundishwe na mwenyewe. Hiyo ni neema, kwani kitajifunza Kiswahili chetu na shughuli zetu. Lakini lugha yetu hubadili umbo la neno kila mara: analipa, tutalipa, mmelipwa na kulipiana ni maneno manne kwa kompyuta inayohesabu maneno yalivyoandikwa. Kwa hiyo kichujio huhitaji barua nyingi zaidi ndipo kipate uzoefu. Anayekifundisha kwa barua taka tano tu, asikioneshe kamwe barua njema, amemwajiri mlinzi aliyeambiwa sura za wezi lakini hakuambiwa sura za wenye nyumba.

Sasa tuutazame uhusiano wa wawili hawa. Tuchukulie kwamba katika kila barua njema 100 mtoa huduma hukosea moja, na programu nayo hukosea moja. Katika barua njema 1,000 mtoa huduma atazifungia 10. Programu itapokea 990, nayo itafungia nyingine zipatazo 10. Barua 20 zimepotea machoni, nazo hazipo mahali pamoja. Basi vichujio viwili hupunguza taka, lakini vilevile huongeza hasara ya barua njema. Wala makosa haya mawili hayana uzito sawa. Taka iliyopenya huchukua nukta chache za kuifuta. Barua ya kazi iliyofungiwa yaweza kumkosesha mtu kazi yenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na barua nazo ni mali.

Ubaya huzidi pale wawili hawa wasipozungumza. Mwenye barua akibonyeza alama ya taka katika programu yake, kichujio cha programu hujifunza. Lakini mtoa huduma hapati habari yoyote ikiwa barua imehamishiwa katika jalada lililomo ndani ya kompyuta tu. Kesho atapitisha barua za namna ile ile, na mwananchi atalalamika kwamba huduma ni mbovu. Kinyume chake pia ni kweli: anayeteremsha barua kwa utaratibu wa POP hupokea za kikasha kikuu peke yake. Jalada la taka lililoko kwa mtoa huduma halioni kabisa, na katika Gmail kilichomo humo hufutwa baada ya siku 30. Mtu huyo atapekua programu yake kutwa nzima bila kuipata barua ambayo haikuwahi kufika humo.

Wapo wanaosema kwamba kichujio cha programu kimepitwa na wakati na kiondolewe. Hoja yao ina msingi. Kampuni ya Microsoft yenyewe iliacha kutoa marekebisho ya kichujio chake cha SmartScreen kwa ajili ya Outlook tangu Novemba 1, 2016, ikaelekeza nguvu zake kwenye uchujaji wa seva. Lakini hatukubali kwamba hukumu yote iachwe mikononi mwa mtoa huduma. Mtoa huduma huwaangalia watu milioni kwa pamoja. Barua ya chama kidogo cha ushirika, iliyopelekwa kwa wanachama wote siku moja, yaweza kufanana machoni pake na tangazo la mlaghai. Anayejua kwamba barua hiyo ni ya haki ni mwanachama mwenyewe.

Basi yapasa kazi igawanywe, kwa maana manahodha wengi chombo huenda mrama. Mtoa huduma alinde lango: azuie waongo wa anwani na kompyuta zilizokwisha kujulikana kwa uovu, na anapokataa akatae kwa uwazi, asiitupe barua kimya kimya. Programu iwe mtumishi wa mwenye barua, isiwe hakimu wa pili. Pale seva inapotumia SpamAssassin, ambayo huandika hukumu yake juu ya barua yenyewe, Thunderbird inaweza kuagizwa iiheshimu hukumu hiyo badala ya kuanza kesi upya.

Kwa upande wetu sisi wasomaji, kwanza, tuchague utaratibu wa IMAP, ambao huonesha majalada yote ya seva, na taka tuzipeleke katika jalada la taka la mtoa huduma ili naye ajifunze. Pili, tukague jalada hilo angalau mara moja kila wiki, na barua njema tuitoe humo kwa kuitangaza kuwa si taka. Tatu, kichujio cha programu tukifundishe kwa uaminifu pande zote mbili, au tukizime kabisa. Kichujio kilichofundishwa nusu ni hatari kuliko kisichokuwapo.

Na ofisi zinazowaandikia wananchi zisijitoe katika lawama. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawadai watumaji wakubwa wathibitishe anwani zao kwa taratibu tulizozitaja. Ofisi ambayo haijaziweka sawa haina haki ya kumwambia mwombaji kwamba aliitwa lakini hakufika. Kuandika barua ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kuhakikisha kuwa imemfikia mwenyewe.