Ofa za Steam Zimerudi: Gemu Hizi Nunua, Hizi Achana Nazo

Kila mwaka, mwisho wa Juni hadi mapema Julai, kisha tena msimu wa Krismasi, duka la Steam hushusha bei ya maelfu ya gemu kwa mpigo. Ukiwa na kompyuta, kadi ya mtandaoni uliyofungua kwa simu, na elfu mbili tatu hivi zimebaki kwenye akaunti, utaona vile vibandiko vya kijani vya asilimia 50, 75, hata 90, na kidole kitaanza kuwasha. Mimi mwenyewe nacheza na nanunua, kwa hivyo siji hapa kukuambia gemu ni upuzi wa watoto. Ninachosema ni kwamba nyingi ya zile utakazoona hazistahili hela zako, na chache zinastahili kila shilingi.

Kabla ya majina, tufanye hesabu kidogo. Steam haina bei za shilingi ya Kenya. Hapa kwetu inauza kwa dola. Dola ikiwa karibu Sh130, gemu ya dola 7.49 ni kama Sh975, na bado hujaweka kile kidogo kinachokatwa wakati wa kubadilisha fedha. Angalia kiwango cha kubadilisha kwenye programu yako ya malipo siku ile ile unayonunua, si kile ulichosikia kwa habari wiki jana.

Halafu kuna bando. Hapa ndipo watu hupigwa bila kujua. Gemu kama The Witcher 3 ilitoka 2015, na wakati wa ofa imewahi kushuka hadi dola 3.99, yaani kama Sh520. Ni gemu nzuri mno, sibishi. Lakini inataka nafasi ya gigabaiti 50 kwenye kompyuta. Kama nyumbani una waifai ya kulipia kwa mwezi, nunua ufurahi. Kama unategemea bando ya simu, gharama ya kuishusha itapita bei ya gemu yenyewe, na kama laptopu yako ni ile ya kuandikia tu, itachemka mpaka feni ilie kama ndege ya Wilson. Soma kile kisehemu cha mahitaji ya mashine kilichoko chini ya ukurasa wa kila gemu. Ni mistari michache tu na kinaokoa pesa.

Sasa tuje kwa zenyewe. Kama una hela ya gemu moja pekee, chukua Stardew Valley. Ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, aliyekaa nayo zaidi ya miaka minne, michoro na muziki vyote vyake, akaitoa Februari 2016. Unarithi shamba la babu limejaa magugu na mawe. Unaanza na pesa 500 na mbegu 15, na msimu mmoja ni siku 28. Ukipanda kitu kisichowahi kukomaa kabla msimu kuisha, umepoteza. Ukimaliza pesa zote kwa mbegu, huna ya kununua mfuko mkubwa wa kubebea mazao. Wale wakulima wa simu waliopanda matikiti maji kwa kuambiwa kwenye kikundi cha WhatsApp wataelewa haraka, ila hapa hasara hailii mwisho wa mwezi. Bei yake ya kawaida ni dola 14.99 na kwenye ofa imewahi kufika nusu. Inahitaji kama megabaiti 500 tu, inaenda kwa laptopu kuukuu, na masasisho makubwa bado hutolewa bure, likiwemo lile la Machi 2024. Mtu akikaa nayo saa mia moja si ajabu. Gawanya Sh975 kwa saa mia uone ni ngapi, halafu ukumbuke unalipa ngapi kwa mechi moja pale kwa pleisteshoni ya mtaani.

Terraria ni ya hesabu hiyo hiyo. Ni ya 2011, bei ya kawaida dola 9.99, na ofa huileta karibu Sh650. Unachimba, unajenga, unapigana na madude usiku. Haina maelezo mengi mwanzoni, hilo linaudhi, lakini ni nyepesi kwa mashine na kwa bando, na ni tamu zaidi mkiwa wawili watatu.

Kuna moja ambayo naipendekeza kwa sababu tofauti. Tales of Kenzera: ZAU ilitoka Aprili 2024, na nyuma yake yuko Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, yule aliyekuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Aliitengeneza baada ya kumpoteza babake. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba. Anaenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, na kupatana naye: nikuletee mizimu mitatu mikubwa, unirudishie babangu. Unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Sijui kama unaelewa uzito wa hilo mpaka ukae kwenye kiti, uvae vidude vya masikio, na usikie mtu kwenye gemu kubwa akimlilia babake kwa lugha unayotumia kuagiza chai. Si ndefu, saa kama nane hivi utakuwa umemaliza, na kuna sehemu za kukimbia na kuruka miiba ambazo zilinitoa jasho bure. Kwa kipimo cha saa kwa shilingi inashindwa na Stardew mbali sana. Mimi naona inunuliwe hata hivyo, ikiwa kwenye ofa. Kipimo cha saa hakipimi kila kitu.

Mini Motorways ni ya watu wanaokwama kwenye jemu kila asubuhi na wanaamini wangepewa barabara wangezipanga vizuri. Unachora njia, magari yanaongezeka, mji unakua, mwishowe unakabwa koo. Mojawapo ya miji ni Dar es Salaam. Haina damu wala matusi, mtoto wa darasa la nne anaweza kuicheza na mzazi akaona wivu. Na Portal 2, ya 2011, imewahi kuuzwa chini ya dola moja. Ina sehemu ya watu wawili ya kufumbua mafumbo pamoja. Ukiikuta kwa Sh130, hiyo usifikirie mara mbili.

Za mpira sasa, maana najua mnangoja. EA Sports FC, iliyokuwa ikiitwa FIFA hadi jina likabadilika 2023, hutoka kila mwaka karibu Septemba kwa takriban dola 70. Hiyo ni zaidi ya Sh9,000 kwa gemu ambayo mwaka ujao itakuwa ya zamani. Ngoja Desemba, kwa kawaida huwa imeshuka sana, na wachezaji ni wale wale. Lakini hatari yake haiko kwenye bei ya kununua. Iko ndani, kwenye Ultimate Team, pale unaponunua pakiti za wachezaji bila kujua utapata nani. Hapo hakuna punguzo wala mwisho. Kama unataka mpira tu, eFootball ya Konami ni ya bure. Itakujaribu nayo kwa vitu vya kulipia, lakini mlango wa kuingia haukugharimu. Duka la Epic nalo hutoa gemu ya bure kila wiki, na limekuwa likigawa gemu za bure tangu lifunguliwe Desemba 2018. Mtu mwenye subira anaweza kupita mwaka mzima akicheza vizuri bila kutoa hata bob.

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza nguo, aliacha kadi ikiwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya gemu ya mwanawe. Hakuna mwizi aliyeingia. Kijana alikuwa akinunua vitu vidogo vidogo, cha dola mbili hapa, cha dola tano pale, kila kimoja kikikatwa kimya kimya huku jumbe zikipotelea kati ya zile za wateja. Alikuja kugundua wiki ya kufungua shule, alipotaka kulipa karo na salio likakataa. Kijana alilia kuliko mamake. Hakuwa mwizi, aliona kitufe, akabonyeza, kikakubali.

Kwa hivyo kama una mtoto anayecheza, usimpe kadi wala PIN, mpe utaratibu. Tangu 2024 Steam ina mpango wa familia wa hadi watu sita wa nyumba moja: gemu mlizonazo mnaweza kushirikiana, na mtoto akitaka kununua, ombi linakuja kwako wewe mzazi ndiye ulipe au ukatae. Ukimaliza kununua, ondoa kadi kwenye akaunti. Kadi ya mtandaoni pia unaweza kuiwekea kikomo au kuifunga kabisa kwenye programu mpaka ofa ijayo. Na mkopo wa simu usiuguse kwa jambo hili. Punguzo la asilimia 50 likilipwa na mkopo wenye ada ya kila siku si punguzo tena.

Kitu kingine: wale wa Telegram wanaokuuzia funguo za gemu kwa nusu ya bei ya ofa, kisha wanataka utume kwa nambari ya mtu binafsi. Pesa ikishaingia kwa laini yake, wewe huna gemu na huna duka la kulalamikia. Nunua ndani ya duka lenyewe, hata kama ni ghali kwa mia mbili.

Usikimbizwe na saa inayohesabu pia. Zamani Steam ilikuwa na bei za saa chache, lakini tangu mwisho wa 2015 bei ya siku ya kwanza ya ofa ndiyo ya siku ya mwisho. Unaweza kuweka gemu kwenye orodha ya matamanio, ulale, ulipe stima na maji kwanza, urudi Jumapili.

Na ukinunua ikakataa kwenye mashine yako, au usiipende, unarudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 na uwe umeicheza chini ya saa mbili. Ijaribu siku hiyo hiyo basi, usiiache mwezi mzima. Ukiomba, utaulizwa pesa zirudi wapi. Kama kadi uliyotumia umeshaifunga, chagua pochi ya Steam. Jua tu kwamba zikiingia humo hazitoki kurudi kwa simu, utanunulia gemu nyingine. Kama unazihitaji kwa matumizi ya nyumbani, iache kadi wazi mpaka zirudi.