Gari la Bloodhound: Nani Alipe Gharama ya Kuvunja Rekodi ya Mwendo?

Mwezi Oktoba 2018 mradi wa Bloodhound wa Uingereza, uliokuwa ukijenga gari la kwenda kilomita 1,600 kwa saa, uliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi. Zilihitajika pauni milioni 25 ili gari lifike jangwani na kukimbia, na hakupatikana wa kuzitoa. Mwezi Desemba ikatangazwa kuwa mradi umekufa, kisha siku chache baadaye mfanyabiashara mmoja wa Yorkshire, Ian Warhurst, akalinunua gari pamoja na vifaa vyake. Mwaka uliofuata likapelekwa Afrika Kusini, na tarehe 16 Novemba 2019 likafikia kilomita 1,010 kwa saa. Ni mwendo wa kutisha, lakini si rekodi. Januari 2021 Warhurst naye akasema amefikia kikomo chake. Zilitakiwa pauni milioni 8 nyingine ili kukamilisha kazi, na gari likatangazwa kuuzwa.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza jambo hili linatuhusu nini. Linatuhusu kwa sababu swali lililo ndani yake tunakutana nalo kila siku: mali itumike wapi, na nani ana haki ya kuamua. Watu wengi hulijibu kwa mkato, kwamba duniani kuna wenye njaa, basi kila senti inayochomwa kwenye mbio ni haramu. Sisi tunaona jibu hilo lina uchungu wa kweli ndani yake, lakini limeruka hatua ya kwanza. Halikuuliza fedha ni ya nani.

Tuanze na rekodi yenyewe. Inayoshikiliwa hadi leo iliwekwa tarehe 15 Oktoba 1997 katika jangwa la Black Rock, Nevada, nchini Marekani, na gari la Waingereza lililoitwa ThrustSSC. Dereva alikuwa Andy Green, rubani wa jeshi la anga, na mwendo ulikuwa kilomita 1,228 kwa saa, wa kwanza kuwekwa rasmi nchi kavu kwa kuipita kasi ya sauti. Sharti ni kwamba gari lipite njia hiyo mara mbili, kwenda na kurudi, ndani ya saa moja, na kinachohesabiwa ni wastani. Aliyeongoza mradi huo, Richard Noble, alikuwa ameshika rekodi mwenyewe mwaka 1983. Ndiye pia aliyeanzisha Bloodhound, akitaka kupandisha mwendo kwa takriban theluthi moja zaidi.

Zamani nani alilipa? Hapa pana somo. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka kilomita 100 kwa saa kwa gari la umeme (naam, la umeme, miaka zaidi ya 120 iliyopita), naye alikuwa mtengenezaji wa magari hayo akishindana na mwenzake wa Paris. Alikuwa anauza bidhaa. Miaka ya 1960, pale Bonneville huko Utah, Craig Breedlove na Art Arfons walikuwa wakinyang'anyana rekodi, na nyuma yao yalikuwepo makampuni ya tairi, Goodyear upande mmoja na Firestone upande wa pili. Mwaka 1970 Gary Gabelich alipovuka kilomita 1,000 kwa saa kwa gari la roketi liitwalo Blue Flame, fedha zilitoka kwa wenye biashara ya gesi asilia, ambao gesi yao ndiyo iliyounguzwa humo. Kila mmoja alijua anachokinunua. Mwenye tairi alipata tangazo, tena alipata kupima tairi yake katika hali ambayo hakuna barabara ingeweza kumpa.

Sasa litazame Bloodhound. Lina injini ya ndege vita aina ya Eurofighter Typhoon na limepangiwa kuongezewa roketi. Magurudumu yake ya jangwani hayana mpira kabisa, ni alumini tupu, kwa sababu katika kasi hiyo mpira ungechanika vipande vipande. Lilipojaribiwa kwenye uwanja wa ndege wa Newquay mwaka 2017, kwa mwendo mdogo wa kilomita 338 kwa saa, lilivalishwa tairi za ndege vita ya zamani. Muuza tairi atangaze nini hapo? Muuza petroli je? Kampuni ya magari ya Geely ya China ilitangazwa kuwa mdhamini mkuu mwaka 2016, na miaka miwili baadaye mradi ukafilisika. Kwa maoni yetu hicho ndicho kiini cha msiba wa Bloodhound. Gari la rekodi limeachana na gari la mtu wa kawaida, halifanani nalo kwa injini, wala gurudumu, wala mafuta, na mfanyabiashara ameliona hilo kabla ya wachambuzi. Si kwamba fedha hazipo. Mwaka 2021 kila timu ya Formula One iliwekewa kikomo cha matumizi cha dola milioni 145 kwa mwaka, na kikomo hicho kilionekana ni kubana. Pauni milioni 25 ni ndogo mbele ya fedha hizo. Lakini Formula One huonekana kwenye televisheni wiki kwa wiki, ilhali rekodi ni saa moja jangwani.

Biashara ilipokosekana, ikaletwa hoja ya elimu. Noble na Green walikwenda kumwomba injini Lord Drayson, aliyekuwa waziri katika Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na ambaye kwa bahati mwenyewe ni mpenzi wa mashindano ya magari. Waziri aliwaeleza shida yake: wizara inakosa wahandisi vijana. Akataka mradi utakaowavuta watoto kwenye sayansi kama safari za mwezini zilivyowavuta wazazi wao. Injini zikatolewa kwa mkopo, na mradi ukazinduliwa Oktoba 2008 ukiwa na sura ya darasa. Waandalizi walieleza baadaye kuwa wamewafikia watoto zaidi ya milioni mbili.

Hatuipuuzi hoja hii. Mtoto aliyeunda kigari cha karatasi na kukisukuma kwa hewa ya puto amejifunza kitu. Chuo Kikuu cha Swansea, kilichokokotoa kwa kompyuta jinsi hewa inavyopita chini na juu ya gari, kimepata maarifa yanayofaa kwingineko, na ukokotoaji huo hauhitaji rekodi kuvunjwa. Lakini neno “kuwafikia” ni jepesi mno. Aliyefikiwa ni yule aliyesomeshwa muhula mzima, au yule aliyeona picha ukutani? Kama serikali inatafuta wahandisi, kwa nini isinunue vifaa vya maabara na kuwalipa vizuri walimu wa hisabati? Jibu la wapenzi wa mradi ni kwamba hakuna mtoto anayeota ndoto za vifaa vya maabara. Tunakiri ni jibu zuri. Hata hivyo linathibitisha thamani ya ndoto tu, halithibitishi kwamba mlipa kodi ndiye wa kuigharimia mpaka mwisho.

Mahali panapotugusa zaidi ni Hakskeen Pan. Ni uwanda mkavu wa udongo katika eneo la Mier, jimbo la Northern Cape, Afrika Kusini, karibu na mipaka ya Namibia na Botswana. Ni sehemu ya Kalahari yenye kazi chache na umasikini mwingi. Gari lenye magurudumu ya alumini likienda kwa kasi ile haliwezi kuvumilia jiwe, na mashine kubwa zingeharibu uso wa uwanda. Kwa hiyo serikali ya jimbo ikagharimia kazi ya mikono. Watu 317 wa Mier waliokota mawe tani 16,500 kutoka eneo la mita za mraba milioni 22. Piga hisabu: ni wastani wa tani 52 kwa kila mtu, akiinama na kuinuka juani. Walilipwa, na kwa familia nyingi ule ulikuwa ujira uliosubiriwa kwa hamu. Kisha ikangojwa miaka mingi. Gari lilipofika mwaka 2019 lilikaa wiki chache za majaribio, likaondoka, na wageni ambao wangekuja kushuhudia rekodi hawakuja kwa sababu rekodi haikuwekwa.

Hapa ndipo neno amana linapoingia. Tajiri akipoteza fedha zake amepoteza zake. Jimbo masikini likitoa fedha ya umma kwa ahadi ya wageni na ajira, na ahadi hiyo ikategemea mdhamini aliyeko London ambaye hajapatikana, basi hatari yote imebebeshwa aliye dhaifu. Tunaona kosa halikuwa kuwapa watu wa Mier kazi. Kosa lilikuwa kukubali kuandaa njia kabla mwenye gari hajaweka mezani fedha za kulikimbiza.

Kuna jingine lisilohesabika kwa pauni. Mwaka 1927 J. G. Parry-Thomas alikufa akijaribu kurudisha rekodi yake kwenye mchanga wa Pendine, Wales. Tarehe 27 Agosti 2019 Jessi Combs alikufa katika jangwa la Alvord, Oregon. Uchunguzi ulielekeza kwenye gurudumu la mbele lililoharibika, pengine kwa kugonga kitu ardhini. Mwaka uliofuata mwendo wake wa kilomita 841 kwa saa ukatambuliwa kuwa rekodi ya wanawake, naye akiwa kaburini. Ukilijua hilo utafahamu kwa nini watu wa Mier waliokota hata vijiwe.

Wanazuoni wa fiqhi walipozungumzia zawadi katika mashindano waliziruhusu mbio za farasi na ngamia na kutupa mishale, na wengi wao wakaeleza sababu: yalikuwa mazoezi yenye manufaa kwa umma. Wakahitilafiana kuhusu mengine yanayoweza kukiswa juu yake. Kipimo hicho tunakiona kinafaa hapa. Mchezo peke yake si aibu, na kujifunza jinsi chuma na hewa vinavyotenda ni elimu yenye kuheshimiwa. Israfu huanza pale manufaa yanapokwisha na matumizi yakaendelea. Kuhifadhi nafsi nako ni katika makusudio makubwa ya sheria, kwa hiyo anayetaka kumgharimia dereva hawezi kulikwepa swali la usalama kwa kusema dereva amejitolea mwenyewe.

Msimamo wetu basi ni huu. Mtu binafsi au kampuni ikitaka kulipa, na ikalipa haki za wafanyakazi na kujali roho za watu, tutatofautiana nao kwa upendeleo tu, hatutawazuia. Fedha ya umma ilipie utafiti wa chuo na masomo ya shule, kwa mkataba unaotaja idadi ya walimu, saa na shule, lakini isilipie kasi yenyewe. Na nchi inayotoa ardhi, kama Afrika Kusini ilivyotoa, idai dhamana ya fedha kabla jiwe la kwanza halijaokotwa.

Baada ya Warhurst kuondoka, gari lilipelekwa kwenye jumba la makumbusho la usafiri mjini Coventry. Mwaka 2023 Andy Green alijiondoa kwenye usukani na waandalizi wakatangaza kumtafuta dereva mwingine, wa kuja na fedha za kugharimia jaribio hilo. Wapo walioliita tangazo hilo kuwa ni kuuza kiti. Kwetu sisi ndilo tangazo lililo wazi zaidi kutoka kwenye mradi huu tangu 2008, kwa sababu linasema bei na linamwambia anayeitaka rekodi kuwa yeye ndiye wa kuilipa.