Mwenye mzigo kichwani harudishwi mlimani

Na Mama Shukuru
Safu: Barazani Kilakala

Nasema mapema ili tusipotezeane muda. Mtu anayemrudisha mama mzima mlimani, mkungu wa ndizi ukiwa kichwani, ili ateremke upya na picha itoke vizuri, hana adabu. Kamera yake iwe ya mamilioni, picha yake isifiwe hadi Ulaya, adabu hana. Haya niliyaona Jumamosi iliyopita kwenye njia ya kupanda kilele cha Lupanga hapa Morogoro, juu kidogo ya Kilakala, na walioyafanya ni rafiki zangu.

Kundi letu ni la kupanda milima pamoja. Yumo Shemeji. Yumo mwalimu wa hesabu. Safari hii waliongezeka vijana kutoka Dar es Salaam, wote wapenzi wa picha, kila mmoja na begi la kamera mgongoni kubwa kuliko la chakula. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, mtu anatoka kazini Dar Ijumaa jioni, na kabla usiku haujawa mwingi yuko Morogoro anauliza mlima unapandwa saa ngapi. Milima ya Uluguru imesogea mlangoni kwao. Hilo nalifurahia, na wanaonisoma siku zote wanajua nimeipigia debe milima hii hata pale wengine waliponiambia niandike mambo ya maana.

Tulianza alfajiri. Kilele cha Lupanga kiko mita 2,138 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu uko kwenye mita 500 na ushei, kwa hiyo anayeanzia huku chini ana kazi ya kupandisha mwili wake zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu. Huko juu ni msitu, Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru tangu mwaka 2008, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Unalipia kibali, unapewa mwongozaji, unafuata taratibu. Vijana walifuata taratibu zote za msitu, nawapa haki yao. Lakini kabla ya msitu kuna mashamba, na kwenye mashamba kuna watu, na kwa watu hao hakuna kibali wala risiti. Kuna salamu.

Njia ile asubuhi ni ya kazi. Wanaoteremka wamebeba ndizi, magimbi, maboga, kuni, wanawahi mjini. Wanawahi kwa sababu wachuuzi wa Soko la Kingalu wananunua mapema; ukifika jua limeshakuwa kali, bei hupangi wewe. Kila mtu wa Morogoro analijua hilo, na mgeni angelijua kama angeuliza.

Mimi nilikuwa nyuma na mwongozaji, tunazungumzia mvua zilivyochelewa. Mbele yetu palikuwa na kona yenye mwamba, na jua lilikuwa limechomoza upande wa Bigwa likipiga pale pale kwenye kona. Nikasikia sauti ya kijana: "Mama, rudi juu kidogo! Hapo hapo kwenye mwanga! Usituangalie sisi, angalia chini!" Nikadhani wanapigana picha wenyewe kwa wenyewe. Nilipoizunguka kona nikamwona mama wa umri wa mama yangu mzazi, kanga mbili, ngata kichwani, mkungu wa ndizi mbichi juu ya ngata, fimbo mkononi. Alikuwa ameshakiteremka kipande kile mara mbili. Kijana alikuwa anamwashiria kwa mkono apande tena.

Hakuna aliyekuwa amemwamkia. Nina uhakika, maana baadaye niliwauliza mmoja mmoja, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshasema shikamoo.

Nilisema shikamoo kwa sauti ya kusikika na wote. "Marahaba, mwanangu," akajibu, na shingo yake ilikuwa inatetemeka. Nikamwita Shemeji tukamtua mzigo. Shemeji ni mwanamume wa miraba minne. Aliushika mkungu ule akageuza uso kunitazama, na hakusema neno, maana alikuwa ameuelewa uzito. Mama akakaa juu ya jiwe. Nikampa maji. Nikamuuliza, mama, kwa nini umekubali kurudi juu na mzigo wote huu? Akasema, "Nilidhani ni watu wa serikali, wanapima."

Vijana walicheka kidogo, wakaacha waliponitazama. Mimi jibu lile lilinichoma, kwa sababu si jibu la mtu asiyejua mambo. Ni jibu la mtu wa Uluguru. Milima hii imewaona wapimaji wengi. Wakoloni Waingereza walikuja miaka ya 1950 na mpango wao wa kuhifadhi udongo, wakawalazimisha Waluguru kuchimba matuta kwenye miteremko, kazi ngumu ambayo wakulima waliona inawaharibia mashamba. Mwaka 1955 watu walichoka, ghasia zikalipuka upande wa Matombo, na mtu akapoteza maisha. Mpango ukafa. Miaka mingi baadaye ikaja mipaka ya hifadhi, ambayo mimi naiunga mkono kwa moyo wote, maana Mto Ruvu unaanzia humu na Dar es Salaam inakunywa maji yake. Lakini mkulima aliyeko kando ya mpaka ameshajifunza kwamba mgeni mwenye kofia, viatu vizito na chombo jichoni akikuambia simama pale, unasimama kwanza, maswali baadaye. Ndiyo maana mama alitii. Vijana wetu walichukua hofu iliyopandwa na wengine wakaivuna kwa ajili ya picha.

Na walimtendea nani? Kwa Waluguru ardhi inafuata ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Mwanamke mzee unayekutana naye kwenye njia ile si pambo la mandhari. Kuna uwezekano mkubwa kwamba shamba ulilosimama ukirekebisha lenzi ni la ukoo wake, lilikuwa la mama yake, na litakuwa la binti zake. Wewe ndiye mpita njia. Wewe ndiye unayepaswa kusema hodi.

Tulipoingia msituni nikaona jambo lililonikasirisha kuliko la kwanza. Kuna ndege mmoja wa Uluguru, kichwa cheusi, mgongo wa kijani, kifua cha njano, asiyepatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa milima hii. Wapenzi wa ndege husafiri kutoka mabara mengine kumtafuta. Vijana wetu walipoambiwa habari zake wakawa watu wengine kabisa. Walizima simu. Walinong'ona. Walikaa chini kwenye majani yenye umande, hawakohoi, hawasogei, muda mrefu, wakimngoja ndege ajitokeze kwa hiari yake. Hakujitokeza, na hakuna aliyemlaumu. Walisema ndiyo haki yake. Nilikaa pale nikiwatazama, nikashindwa kuelewa: ustaarabu huu wote mnao, mmeubeba tangu nyumbani, na bado kwenye kona ya mwamba mlimpigia kelele mama wa watu angalia chini?

Wakati wa kuteremka nikaanza kuwauliza, na wakaanza kujitetea. Wa kwanza akasema wanautangaza mkoa wetu. Mkoa hautangazwi kwa kumchosha mwenye mkoa. Wa pili akasema mbona hakukataa. Nimeshaeleza kwa nini hakukataa. Wa tatu akasema walimpa shilingi elfu mbili. Walimpa, ni kweli, nilipokwisha kuongea. Elfu mbili haimfikishi mtu sokoni kabla ya wachuuzi kuondoka.

Mwalimu wa hesabu, ambaye huwa haniungi mkono, alileta hoja ya sheria. Akakumbusha kwamba tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na kuna Tume yake. Ni vizuri tunayo. Lakini mimi nalia na jambo lililotangulia sheria zote hizo. Bibi yangu hakuwa na Tume, na usingeingia uani kwake bila hodi.

Tatizo ni kwamba tumejifunza kupiga picha kwa kuwatazama waliotupiga sisi. Mjerumani Walther Dobbertin alizunguka na kamera nchi hii ilipokuwa koloni la kwao, na picha zake nyingi zimehifadhiwa Ujerumani hadi leo. Ukizipitia utakutana na nyuso nyingi za watu wetu zisizo na majina. Mwanamke. Mbebaji. Askari. Kulikuwa na njia nyingine ya kupiga picha katika pwani hii hii. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Zanzibar mwaka 1930, na watu walikwenda wenyewe kwa miguu yao, wamevaa nguo walizozichagua, wakaketi walivyotaka kuonekana. Hata hapa Morogoro, wazazi wetu walipokwenda studio walichana nywele kwanza. Fundi alijua jina la mteja, kwa sababu mteja angerudi kuchukua picha yake.

Yule mama atarudi wapi kuichukua yake? Jumapili usiku niliiona mtandaoni. Ni picha nzuri, sitadanganya. Mwanga umekaa, mikunjo ya kanga inaonekana, mji uko chini kwenye ukungu. Juu yake wameandika "Nguvu ya mwanamke wa Uluguru". Jina lake halipo. Hawakuuliza. Mimi niliuliza, ninalo, na silitaji hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa ya kulichapa gazetini. Chini ya picha watu mia kadhaa wamesifu mpigaji. Sikuona hata mmoja aliyeuliza mkungu ulikuwa unapelekwa wapi.

Nimewaandikia vijana, na naliandika hapa ili lisisahauliwe. Picha ile ishushwe mpaka mwenyewe aulizwe. Akikubali, isafishwe kwenye karatasi, nakala kubwa, apelekewe nyumbani, na apelekewe na aliyeipiga, kwa miguu, kwa njia ile ile. Mwongozaji anapafahamu kwake. Shemeji amejitolea kwenda naye, na amesema atabeba mchele na sukari. Safari yetu ya mwezi ujao tutakwenda upande wa Morningside. Anayekuja na kamera atatangulia kuamkia watu, kamera ikiwa begini, na asiyeweza hilo abaki mjini apige picha majengo.

Nina swali moja nimewaachia, na mpaka naandika hakuna aliyelijibu. Mama zao kadhaa nawafahamu. Wengine wametoka milima hii hii, waliuza ndizi na kuni ili watoto wasome, wapate kazi Dar, wanunue kamera. Nimepekua kurasa za vijana wale mwaka hadi mwaka. Picha za mama zao zipo, za harusini, za kitchen party, za sikukuu, vitenge vimepigwa pasi. Mbona hakuna hata mmoja aliyemwambia mama yake mwenyewe ajitwishe mkungu, apande mlima, ateremke, apande tena?