Tusiwaachie watoto hadithi nusu

SAFU: NIONAVYO
Na Rehema Mwakalinga

Kila filamu au tamthilia inapozua gumzo, maswali huwa yaleyale: nani kairuhusu, na mbona haifungiwi? Lipo swali zito zaidi tunaloliruka: aliyeitazama, anazungumza na nani?

Jibu tunalo hapa hapa nyumbani. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Wasikilizaji wa enzi hizo wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyeachiwa mzigo wa nyumba. Watunzi hawakumfunga Mkwaju mdomo. Walimwacha atambe, kisha wakamfuata hatua kwa hatua mpaka alipoambukizwa virusi vya UKIMWI, na Tunu akachoka, akaondoka, akasimama kwa miguu yake.

Hadi mwaka 1995 mchezo huo haukurushwa Dodoma, makusudi, ili watafiti walinganishe mkoa huo na mikoa iliyousikia. Tofauti ilionekana: uliposikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka, na wasikilizaji walieleza kuwa wamepunguza wapenzi. Nami nashika zaidi jambo jingine lililobainika: watu waliuzungumzia mchezo huo na wenzi wao na rafiki zao. Mke aliyeona haya kumuuliza mumewe habari za safari zake angeweza kuanza na Mkwaju. Redio ilileta kisa. Uamuzi ulipikwa kwenye mazungumzo.

Sasa tazama sebule zetu. Runinga inaongea peke yake, na kila mmoja kainamia simu yake, spika zimeziba masikio. Kijana haangalii tamthilia nzima. Anapata kipande cha dakika moja. Mwanamume anamzaba mkewe kofi, muziki unapanda, wachangiaji wanamshangilia, kipande kinakwisha. Sehemu inayofuata, ambamo huyohuyo anapoteza mke, kazi na heshima, haimfikii. Huyo ni Mkwaju aliyekatwa kabla hajavuna alichopanda, na kijana hana wa kubishana naye kama kofi lile lilikuwa haki.

Mtazamaji si debe tupu. Ana akili, malezi na imani yake, naye hupima anachokiona. Lakini kupima kunataka kisa kizima na mtu wa kupingana naye. Bodi ya Filamu inaweza kupanga madaraja ya umri, na ifanye hivyo. Haiwezi kukaa kwenye kochi letu.

Kwa hiyo nasema na pande mbili. Vituo vya televisheni, mnaojaza jioni zetu tamthilia za Kituruki na za kwetu, tengeni nusu saa kila wiki watazamaji wapige simu wajadili mwenendo wa wahusika. Wazazi, chagueni tamthilia moja muiangalie na watoto mwanzo hadi mwisho. Msihubiri. Ulizeni tu: wewe ungekuwa yeye, ungefanyaje? Kisha nyamazeni, msikilize jibu, hata likiwachoma. Mtoto aliyezoea kulijibu swali hilo nyumbani atajiuliza mwenyewe akiwa na simu yake, sisi tukiwa hatupo.