Tunatumika, Lakini kwa Kiswahili cha Nani?

Kwetu, kwenye Kiswahili cha Goma na Bukavu, ukisema "natumika" maana yake ni nafanya kazi. "Baba yako anatumika wapi?" ni swali la heshima kabisa. Ukivuka kwenda Kiswahili cha vitabuni, neno lile lile linageuka: kutumika ni kufanywa chombo, kama jembe ama kijiko. Wandugu, nimejitolea kati ya wakimbizi miaka kadhaa, kwanza kambini na sasa hapa Masaka, na nasema wazi: kwenye kazi ya kukusanya takwimu sisi vijana tunatumika kwa maana zote mbili, na ile ya pili ndiyo inazidi.

Mnajua kazi yenyewe. Asubuhi mnaitwa, kila mmoja anapewa simu yenye fomu ndani. Mnafundishwa saa moja hivi: bonyeza hapa, usiruke swali, jioni ukipata mtandao bonyeza tuma. Halafu nyumba kwa nyumba. Jioni simu zinarudishwa, mnasaini karatasi ya nauli, basi. Nani aliandika maswali? Majibu yalisema nini? Hakuna anayekuambia. Miezi inapita, fomu nyingine inakuja, na mama yule yule anakuuliza: "Mwanangu, yale ya kwanza yalifikia wapi?" Unabaki unaangalia chini.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi wetu hatukuambiwa. Programu ambayo mashirika mengi ya misaada yanatumia kwa kazi hii inaitwa KoboToolbox, na ni programu huria. Yaani msimbo wake uko wazi kwenye intaneti, unaruhusiwa kuusoma, kuunakili na hata kuubadilisha. Mtu anaweza kufungua akaunti bila kulipa hata faranga moja. Inafanya kazi kwenye simu ya kawaida ya Android, hata pasipo mtandao, majibu yanasubiri ndani ya simu mpaka utakapopata intaneti. Hata jina lake si geni hapa: Kobo ni neno la Kiacholi, watu wa kaskazini mwa Uganda, maana yake kuhamisha. Jina limetoka kwa majirani zetu, watu ambao nao wanajua kukimbia vita. Sisi tumeachiwa kitufe cha kutuma.

Na ile fomu yenyewe si uchawi. Ni jedwali tu, la aina ile unayotengeneza kwa Excel, ama kwa LibreOffice ambayo ni ya bure. Kila mstari ni swali moja. Safu moja inasema ni swali la aina gani: namba, maandishi, ama kuchagua jibu. Safu ya pili ni jina fupi ambalo mashine inalijua. Safu ya tatu ni yale maneno unayoyasoma mbele ya mama. Ukitaka fomu hiyo iseme Kifaransa, unaongeza safu moja ya maneno ya Kifaransa. Ukitaka Kinyarwanda, safu nyingine. Kwenye simu unachagua lugha ya mtu aliye mbele yako, na majibu yote yanaingia kwenye hesabu moja. Mtu aliyemaliza sekondari anaweza kujifunza hilo kwa siku moja. Narudia: kuongeza lugha ni kuongeza safu moja.

Kwa nini nakazia safu moja? Chukua swali kama hili, la Kiswahili sanifu kabisa: "Mwezi uliopita, kaya yako ilipata posho mara ngapi?" Msomaji wa Dodoma ama Mombasa haoni shida. Sasa lipeleke kwa mama aliyekulia Bukavu. Kwanza, kaya ni nini? Kwetu tunasema nyumba, tunasema jamaa, wengine wanasema famille. Pili, posho kwetu ni wiki. Siku saba. Mama atakushangaa, atakujibu kwa upole: "Mwezi iko na posho ine, mwanangu." Wewe kijana una nyumba kumi na tano za kumaliza kabla ya jua kuzama. Nani anakuzuia usiandike nne?

Ndio maana kila kijana anatafsiri kichwani, papo hapo. Huyu anasema "msaada", yule "chakula", mwingine "pesa". Maswali matatu tofauti yameulizwa, lakini kwenye jedwali yanasomeka kama swali moja. Mkubwa ofisini anaona namba, anachora mchoro wenye rangi nzuri, anaandika ripoti. Ile ripoti imejengwa juu ya tafsiri za vijana ambao hawakulipwa kutafsiri na hawakuulizwa walitafsiri vipi.

Na hizi si namba za mchezo. Hapa Rwanda, tangu mwaka 2021, msaada wa chakula kambini haugawiwi sawa kwa wote. Familia zimepangwa kwenye makundi kulingana na uhitaji: kuna wanaohesabiwa wana uhitaji mkubwa, kuna wa katikati, kuna wanaohesabiwa wanaweza kujitegemea. Sisemi fomu moja ya mjitoleaji ndiyo inakupanga. Nasema tunaishi wakati ambapo kueleweka vizuri na kueleweka vibaya vina uzito kwenye sufuria. Kuna maswali yanayoulizwa karibu dunia nzima kupima njaa: ndani ya siku 7 zilizopita, ni siku ngapi watu wazima walipunguza kula ili watoto wale? Mama anaulizwa hilo na kijana wa umri wa mwanae, jirani amesimama mlangoni. Atasema "hapana siku" kwa aibu tu. Aliyewahi kukaa kwenye nyumba ile angejua kwanza kumwondoa jirani, halafu kuuliza kwa maneno mengine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na maswali yetu yanaandikwa na watu wanaolala mbali.

Msidhani nasema teknolojia ni ya wazungu, tuikatae. Kinyume chake. Angalieni ukanda huu wetu. Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, vijana wa Kenya walitengeneza Ushahidi, programu ya kupokea habari za watu wa kawaida na kuziweka kwenye ramani. Ni huria, na ina jina la Kiswahili mpaka leo. Haiti ilipopigwa na tetemeko mwaka 2010, ilitumika kule, na ujumbe mwingi ulikuwa kwa Kikrioli, lugha ya nyumbani. Waliosaidia ujumbe ule usomeke ni Wahaiti wenyewe waliokuwa wametawanyika duniani, wakijitolea kutafsiri. Bila wenye lugha, ramani ingekuwa kipofu.

Chukua OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, Kenya, na mwaka huo huo Rwinkwavu, hapa hapa Rwanda, mashariki, njia hii hii inayopita karibu na Masaka. Chukua Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti ili mashine zielewe lugha za watu. Hapa Kigali, Digital Umuganda waliita watu wakasome sentensi kwa Kinyarwanda, na leo kuna zaidi ya saa 2,000 za sauti, moja ya hazina kubwa kuliko zote kwenye mradi ule, bure kwa kila mtu. Ni wazo la umuganda tu: kila mmoja analeta jembe lake, na barabara inayotoka hapo ni ya wote. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaona jambo hili kwa macho, halafu mtu anatuambia programu huria ni mada ngumu kwa vijana wa kambi!

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza: "Data za wakimbizi ni siri, hatuwezi kuwapa." Hapo mnajibu ombi ambalo hatukulileta. Majina, simu, alama za vidole, magonjwa: fungeni, tena fungeni vizuri zaidi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zenye habari za zaidi ya watu 515,000, kati yao familia zilizotenganishwa na vita. Kwa hiyo siri ina haki yake. Lakini fomu tupu, isiyo na jina la mtu hata mmoja, ina siri gani? Jumla ya majibu ya kambi nzima ina siri gani? Msitumie usalama wetu kama pazia la kuficha maswali yenu.

La pili wanalisema kwa sauti ya chini: "Wakijua maswali mapema watapanga majibu ili wapate msaada." Wakubwa, ukimaliza nyumba ya tatu mtaa mzima umeshajua maswali. Anayebaki gizani ni mama mgonjwa asiyetoka nje. Na watu wasipojua wanapimwa kwa kipimo gani, uvumi unachukua kazi: eti ukiwa na redio unakatwa, eti ukisema unauza nyanya unafutwa. Uvumi ndio unaofundisha uongo, na uvumi unakua pale ambapo fomu imefichwa.

La tatu linatoka kwetu sisi vijana: "Kaka, hizi fomu ni mambo ya zamani, sasa ni AI." Kila siku kwenye simu tunatumiana habari za akili bandia, video za mtu aliyetajirika, kozi ya wiki mbili inayokufanya mtaalamu. Sawa, tusome habari zote basi. Januari 2023 jarida la TIME liliandika juu ya wafanyakazi wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, waliokuwa wanasoma maandishi ya kutisha na kuyawekea alama ili ChatGPT ya OpenAI isiseme matusi. Malipo yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Nao walitumika. Walikuwa ndani kabisa ya ile AI tunayoishangilia, na walipewa kitufe tu, kama sisi. Asiyejua kilicho ndani ya fomu ya maswali ishirini hataenda kujua kilicho ndani ya AI. Tuanze na mlango ulio wazi tayari.

Basi kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, na najua mnasoma hapa, maombi ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili mpya.

Moja: kabla ya kutupa simu, tuonyesheni jedwali. Nusu siku inatosha kuanza. Kijana aliyeona swali lilivyojengwa anaweza kukuambia pale lilipovunjika, tena kabla hujauliza nyumba mia tano.

Mbili: wekeni safu ya Kiswahili chetu. Hata kwenye orodha ya kimataifa ya lugha, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, na Kiswahili cha pwani kina yake, swh. Kama orodha ya lugha inajua tofauti, fomu yenu nayo ijue. Wakalisheni mama watano na vijana wawili, wasomeeni maswali kwa sauti, na neno linalomfanya mama akunje uso libadilishwe pale pale. Yule aliyetafsiri aandikwe kama mtafsiri, na alipwe kama mtafsiri.

Tatu: rudisheni jumla. Karatasi moja ubaoni, kwa lugha inayosomeka: tuliuliza nyumba ngapi, tuliambiwa nini, tutafanya nini, na lipi hatutaweza. Hata kama jibu ni baya. Mama anayeuliza "yalifikia wapi" haombi sukari, anaomba jibu.

Na sisi vijana tusikae tukingoja. Fungueni akaunti. Tengenezeni fomu ya maswali matano tu, ya jambo la mtaa wenu: bomba lipi halitoi maji, watoto wangapi wameacha shule na kwa sababu gani, dawa gani watu wanarudishwa nazo mikono mitupu. Msiandike jina la mtu. Hesabuni, mpeleke kwenye mkutano wa kamati. Kijana anayekuja na namba zake mwenyewe hasikilizwi kama yule anayekuja na malalamiko peke yake, na hilo mnalijua.

Mimi niko Masaka. Nina kompyuta moja ya zamani, inazima ikitolewa kwenye umeme, lakini LibreOffice inafunguka. Aliye tayari aje, tuanze na orodha ya maneno: kaya, posho, kutumika, na mengine ambayo mmeyakuta milangoni mkakosa la kusema. Yaandikeni hapa chini, pamoja na neno ambalo mama aliweza kulielewa. Tukifikisha maneno hamsini tutakuwa na mwanzo wa safu yetu, na shirika lolote litaruhusiwa kuichukua bure. Programu zao zilikuja kwetu kwa masharti hayo hayo.