Nyumba Haisubiri Almasi

Mwezi huu tunazungumza na mama kijana aliyeolewa miaka mitatu au minne iliyopita, mwenye watoto wawili, ambaye nyumba yake bado ina kuta za udongo zilizopasuka na sakafu ya vumbi. Tumemchagua wa Maganzo, mji mdogo ulio kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, wilayani Kishapu, jirani kabisa na mgodi wa Mwadui. Mama wa Geita au wa Kahama atajiona humo humo.

Tuna sababu ya kuchagua Maganzo. Tangu mwaka 1940, John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, alipogundua almasi pale Mwadui, watu wa pande zile wamelala na kuamka karibu na utajiri ambao wengi wao huusikia tu. Baba watoto hutoka alfajiri na chepeo na chekeche kwenda kwenye machimbo madogo, na jioni hurudi na neno lile lile: "Tukipata jiwe, tutajenga." Mama naye anangoja. Ukuta ukipasuka, asiuguse, maana nyumba ya matofali inakuja. Sakafu ikitoka vumbi, avumilie, maana sementi inakuja. Mwaka unapita, wa pili unapita, mtoto wa kwanza anatambaa kwenye vumbi, na wa pili anazaliwa na kutambaa kwenye vumbi lile lile.

Hatumlaumu baba. Mwenye kutafuta riziki hana budi kuwa na tumaini. Lakini mtoto hana miaka miwili mara mbili, na mengi yanayomwumiza ndani ya nyumba ile yanaweza kuondolewa kwa fedha ya wiki moja na mikono ya watu wawili. Someni tena habari za yule mama Mshunemu katika kitabu cha pili cha Wafalme. Alikuwa na mali, ni kweli, lakini hakuwaza jumba. Alimwendea mumewe na shauri lililo wazi: chumba kidogo, kitanda, meza, kiti na taa. Mume alijua anaombwa nini, na kazi ikafanyika. Ndivyo inavyofaa kusema na baba. Usimwambie, "Nyumba hii inanichosha." Mwambie, "Baba, Jumamosi nataka tuchimbe mfereji nyuma ya nyumba, nimeshaazima jembe la pili."

Na tunataja mfereji kwanza kwa makusudi. Wengi huanza na rangi, kwa kuwa rangi inaonekana. Adui wa nyumba ya udongo ni maji, na Shinyanga ina udongo wenye tabia yake. Ule mweusi wa mbuga, unaoipendeza pamba, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hata kiangazi ukaona nyufa zinazomeza kidole. Nyumba iliyosimama juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na ukuta hauna la kufanya ila kupasuka. Ukiziba ufa bila kuondoa maji, umeshona nguo juu ya mtu anayekimbia. Kwa hiyo zunguka nyumba yako mvua inaponyesha na utazame maji yanasimama wapi. Kiangazi kikija, jaza kifusi na udongo wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni, kuzunguka ukuta wote, ushindilie vizuri, na uache mteremko wa kutoka ukutani kwenda nje, upana wa hatua moja hivi. Mwisho wa mteremko chimba mfereji unaopeleka maji kwenye migomba au mipapai, mbali na msingi. Kazi hii haidai hata shilingi moja kama una jembe, na ndiyo inayoongeza umri wa nyumba kuliko zote tutakazotaja.

Baada ya hapo ndipo tukandike. Udongo wa mbuga usiutumie, utapasuka kabla hujanawa mikono. Chukua udongo wa kichuguu, uuponde, uuchekeche, uchanganye na mchanga. Kiasi gani? Udongo wa kila mahali ni tofauti, kwa hiyo usimwamini mtu anayekupa kipimo kimoja. Fanya majaribio: sehemu moja ya udongo kwa moja ya mchanga, moja kwa mbili, na moja kwa tatu. Paka kila mchanganyiko kwenye kipande cha ukuta ukubwa wa sahani, uache wiki nzima. Uliopasuka una udongo mwingi, unaopukutika ukiupangusa kwa kiganja una mchanga mwingi. Uliobaki ndio wako. Ongeza samadi mbichi ya ng'ombe na majani makavu yaliyokatwa mafupi, ukoroge, uache siku tatu nne ndipo utumie. Harufu huisha kazi ikikauka, msiwe na wasiwasi. Lowesha ukuta kwanza, kandika mkono wa kwanza mnene, uache ukauke, kisha usilibe mkono wa pili mwembamba kwa kiganja kilicholowa. Kati ya Juni na Septemba ndio wakati wake, mavuno yako ndani na mvua iko mbali.

Hapa tunaomba msomaji wa Geita, na kila mahali pachimbwapo dhahabu, asome polepole. Ule mchanga laini unaobaki baada ya kuosha dhahabu, yale marudio, hupendeza sana macho ya fundi. Ni laini, umeshachekechwa, na mara nyingine unapatikana bure. Usiuingize nyumbani. Mahali dhahabu inapokamatwa kwa zebaki, sehemu ya zebaki hiyo hubaki katika marudio. Mtoto anayetambaa, anayegusa ukuta na kulamba vidole, ndiye wa kwanza kuipata, na zebaki huharibu ubongo unaokua. Wala baba asichomee dhahabu jikoni kwako; moshi wa zebaki hauonekani, na hauchagui nani avute. Vivyo hivyo mapipa na madumu yaliyobeba kemikali za mgodini, au dawa ya kunyunyizia pamba. Hayafai kuhifadhia maji hata yakioshwa mara kumi. Yakiuzwa rahisi, ndiyo sababu yake.

Sasa sakafu. Hapa ndipo tungependa fedha ya kibubu iende kabla ya kochi, na kabla ya televisheni, hata kama majirani watashangaa. Katika sakafu ya udongo hukaa funza na viroboto, na kinyesi cha kuku na cha mtoto hakiondoki chote hata ufagie namna gani. Nchini Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuzipa familia maskini sementi ya kufunika sakafu za udongo. Watafiti walipokwenda kulinganisha, na kutoa matokeo yao mwaka 2009, waliona kuwa minyoo na vimelea kwa watoto wadogo vimepungua kwa zaidi ya nusu, kuhara kumepungua karibu nusu, na upungufu wa damu nao umeshuka sana. Jambo jingine waliloliona limetugusa: akina mama wenyewe walikuwa na furaha zaidi na mawazo machache. Ni nani kati yetu asiyejua kwa nini?

Hesabu yake si ya kutisha. Chumba cha mita tatu kwa tatu kina mita za mraba tisa. Mfuko mmoja wa sementi wa kilo 50, ukichanganywa na ndoo saba za mchanga, ndoo za lita 20, hutosha mita za mraba nne hadi tano kwa unene wa sentimita tatu. Kwa hiyo mifuko miwili inamaliza chumba. Nunua mmoja baada ya mwingine ukipenda, ila usiuweke mfuko chini. Uinue juu ya mbao, uufunike kwa nailoni, na usiukalishe miezi, sementi huganda ndani ya mfuko wake. Anza na chumba wanacholala watoto. Chimbua sakafu ya zamani kidogo, weka kifusi cha mawe madogo au vipande vya matofali, mwagia maji, shindilia mpaka kisigino kisiache alama. Hapo ndipo sementi iwekwe. Mchanga uwe safi wa mtoni, na maji yawe ya kutosha kushikanisha tu. Uji mwepesi huzaa sakafu dhaifu.

Wengi hukosea baada ya fundi kuondoka. Wanaona imekauka, wanaingiza kitanda kesho yake. Sementi haihitaji kukauka, inahitaji kulowa ndipo ikomae. Tandika magunia yaliyolowa juu yake, uyamwagilie asubuhi na jioni kwa siku saba. Watoto walale kwa bibi wiki hiyo. Sakafu iliyonyimwa maji hutoa vumbi na kupasuka, halafu tunasema sementi ya siku hizi ni mbaya!

Kama sementi bado iko mbali, sakafu ya udongo wa kichuguu na samadi iliyoshindiliwa na kusilibwa upya mara kwa mara ni bora kuliko vumbi tupu, na mkeka juu yake kwa ajili ya mtoto.

Juu ya chokaa tutasema kwa ufupi. Loweka usiku mzima, chuja kwa kipande cha kanga kuukuu, ongeza vikombe viwili vya chumvi iliyoyeyushwa kwa maji ya moto katika kila ndoo, paka mikono miwili myembamba. Chumba cheupe hutosheka na taa ndogo, na mbu huonekana alipotua. Chokaa mbichi huunguza ngozi na macho. Funga mikono kwa mifuko ya nailoni na watoto wakae mbali.

Madirisha yafunikwe wavu, ukibanwa kwa mbao nyembamba na misumari midogo. Chandarua kilichochakaa hata hakishoneki kinafaa kwa kazi hiyo, lakini kizima kibaki kitandani. Ule uwazi kati ya ukuta na bati, mbu huupenda kuliko mlango, kwa hiyo nao upigwe wavu. Usiuzibe kwa udongo kama mnapikia ndani, moshi utabaki na mtoto. Na dari? Viroba vya salfeti vilivyooshwa, vikashonwa pamoja na kuvutwa kwenye mbao, hupunguza joto la bati na kuzuia vumbi. Ila visitumike juu ya jiko, vinashika moto upesi.

Nje, kichanja cha vyombo hujengwa kwa saa moja kwa miti na mabanzi, na kile kile kitaanikia michembe. Karibu na choo tundika kibuyu chirizi: kidumu kilichotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyaga, na sabuni iliyofungwa kando. Watoto watanawa mikono kwa kupenda mchezo wenyewe.

Tumebakiza mabati. Maji ya Ziwa Viktoria yalipoletwa kwa bomba kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, mradi uliozinduliwa mwaka 2009, akina mama wengi walipumzika, lakini si kila nyumba ina bomba, na bili ni bili. Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati la mita sita kwa nne, katika msimu wa milimita 700, hupokea lita 16,800. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki zaidi ya lita 13,000, yaani ndoo zaidi ya 650 ambazo hukuzibeba kichwani. Hutaweza kuzihifadhi zote. Lakini gata la bati lililokunjwa na fundi wa mtaani, upande mmoja tu wa nyumba, na pipa safi lenye kifuniko, litakupa maji ya kufulia msimu mzima. Mvua ya kwanza iache ioshe bati na uimwage. Pipa lifunikwe daima, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya mtoto anayependa kuchungulia.

Akina mama wa vikundi vya makanisani wanaweza kufanya haya kwa zamu, wakutane sita au saba, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Ukuta unaomchukua mama mmoja wiki nzima, saba huumaliza kabla ya chakula cha mchana, na anayeshughulikiwa apike.

Wengi wa Maganzo wamepanga, na wapangaji wametuuliza kama yafaa kutengeneza nyumba ya mtu. Mwoneni mwenye nyumba kwanza, mume na mke pamoja. Mwelezeni gharama ya sakafu, mkubaliane ikatwe kwenye kodi ya miezi mingapi, na iandikwe kwenye karatasi mbele ya balozi au jirani. Akikataa, fanyeni yale yanayohamishika: fremu za wavu ziwe za kukazwa kwa skrubu, dari la viroba lifungwe kwa kamba, gata na pipa viwe vyenu. Siku mkihama, vitapanda mkokoteni pamoja na kitanda.