Baada ya Kutolewa Mji: Nani Mwenye Jibu la Kitendawili?

Kilima cha Salaita, kilichoko kando ya barabara itokayo Voi kuelekea Taveta, hutajwa katika vitabu vya historia kwa ajili ya mapigano ya tarehe 12 Februari 1916, ambapo majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yalishindwa kukitwaa kutoka kwa Wajerumani. Hapa kinatajwa kwa ajili ya vita vya aina nyingine, vita vya maneno.

Mashindano ya vitendawili yana utaratibu unaofahamika. Mmoja hutega, wenziwe hujaribu kutegua. Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa Voi, Mwatate au hata Mombasa, kisha hulitoa jibu. Kwa waamuzi wengi mchezo huishia hapo. Waama, hapo ndipo ungestahili kuanza upya, washindani waulizane: kwa nini jibu hili na si lile?

Tuchukue kitendawili maarufu: "Kuku wangu katagia miibani." Jibu la vitabuni ni nanasi. Lakini mtoto wa Salaita, nchi kavu yenye migunga, huenda hulijua nanasi sokoni tu, likiwa limekwisha kukatwa. Hajaliona likikaa katikati ya majani yake yenye miiba. Akijibu "kiota cha ndege juu ya mgunga", wenziwe wana haki ya kumpinga: kuku na ndege wamekaribiana mno, hapana kilichofichwa. Akijibu "tunda la mpungate", hoja yabadilika. Tunda ndilo yai, mmea ndio kuku, na miiba ipo. Sitiari imekamilika. Kwa kigezo gani basi atanyimwa alama?

Katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, M. M. Mulokozi alisisitiza kuwa fani hizi hutegemea muktadha: fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Wanafunzi wa Kiswahili huikariri orodha hiyo katika mtihani, kisha wakialikwa kuamua mashindano shuleni huenda na karatasi yenye jibu moja kwa kila swali. Mahali pamefutwa, hadhira imenyamazishwa.

Yapo madai kwamba majibu yakiachwa huru, kila mtu atajitia mshindi. La hasha! Jibu lisilo na hoja litaanguka mbele ya hadhira, kama kiota kilivyoanguka. Hadhira ni hakimu mkali kuliko karatasi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa nchini Kenya mwaka 2019, unadai ubunifu na fikra tunduizi. Hapana haja ya kuvitafuta mbali. Mwamuzi na atenge muda baada ya kila jibu, mteguaji aeleze njia aliyoipitia, na alama zitolewe kwa hoja pia. Kinyume cha hayo, tutakuwa tunapima kumbukumbu za watoto na kuziita fasihi.